Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu: nitaishije kwa utulivu na mafao haya?

Mwalimu wa Kondoa aliuliza:

Waungwana, poleni na majukumu. Naleta kwenu jambo linalonikosesha usingizi, nikiamini kwamba humu wamo watu waliokwishalipitia na wengine wanaolifahamu kwa taaluma zao.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Niliajiriwa serikalini mwaka 1993, na mwakani natimiza miaka 60, yaani nastaafu kwa mujibu wa sheria. Tuna nyumba ya vyumba vitatu ambayo tayari tunaishi, ila haijapigwa dari na plasta ya nje haijamalizika. Tuna shamba la ekari nne tunalolima alizeti na mtama. Mke wangu ana genge la mboga na nafaka karibu na stendi. Watoto ni watatu: mkubwa yuko Dar es Salaam, kazi yake ni ya vibarua, wa pili yuko chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, wa mwisho yuko kidato cha nne.

Tangu ilipofahamika kwamba nakaribia kustaafu, kila anayenitembelea anakuja na mradi. Mwanangu mkubwa ameniomba tununue Coaster iliyotumika, lile basi dogo la abiria, ili aisimamie mwenyewe. Shemeji yangu ameniletea mchanganuo wa kuku wa nyama, umeandikwa vizuri sana, na kila ukurasa unaishia kwenye faida. Jirani anasisitiza matikiti maji. Mke wangu yeye anasema tumalize dari, tulipe ada ya huyu wa mwisho, kisha tukae tule tutakachokipata, kwa kuwa umri wa kukimbizana na dunia umepita.

Nikimsikiliza mke wangu natulia, lakini baada ya muda naanza kujiuliza kama utulivu huo si uvivu uliovikwa vazi la busara. Nikiwasikiliza wengine napata hamasa, kisha namkumbuka mwalimu mwenzetu ambaye fedha zake ziliisha kabla ya mwaka kwisha, akaanza kuwakwepa watu sokoni. Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Mtu wa kipato changu atajuaje kwamba alichonacho kinatosha? Na ikiwa kinatosha, atawaambiaje wanawe «hapana» bila kuivunja nyumba yake?

Mhasibu wa Mafao alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukokotoa mafao, na nimeona kwamba hofu nyingi za wastaafu hutokana na kutojua fedha ile ni kitu gani hasa. Niruhusu nianze na hesabu, kwa sababu swali lako la kwanza halijibiki kwa hisia peke yake.

Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotolea mafao, kinachotumika tangu tarehe 1 Julai 2022 kinachukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka 3 bora ndani ya miaka 10 ya mwisho, kinazidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, kisha kinagawa kwa 580. Tuchukulie kwamba wastani wa mshahara wako ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka, na kwamba umechangia miezi 396. Pensheni yako kamili kwa mwaka inakuwa takriban shilingi 9,831,700. Kwa sisi tuliotokea mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF kabla ya mifuko kuunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, mkupuo, yaani sehemu inayolipwa kwa mara moja, ulipandishwa kutoka asilimia 33 hadi asilimia 40 katika bajeti ya mwaka 2024/25. Asilimia 40 ya pensheni hiyo inazidishwa kwa 12.5, nawe unapata mkupuo wa takriban shilingi 49,158,000. Asilimia 60 inayobaki unalipwa kila mwezi maisha yako yote, nayo ni takriban shilingi 491,600.

Sasa naomba uitazame hiyo 12.5 kwa makini, maana wengi huipita. Hiyo ni miaka 12 na nusu, sawa na miezi 150. Mkupuo ule si zawadi ya serikali, wala si bahati iliyokuangukia uzeeni. Ni sehemu ya pensheni yako, takriban shilingi 327,700 kwa mwezi, uliyokubali kuiachia ili ulipwe ya miezi 150 kwa mara moja. Kwa hiyo mtu anapokuomba milioni 49 ununue gari, anakuomba shilingi 327,700 za kila mwezi wa uzee wako. Ukiliona jambo hivyo, unaweza kuupima kila mradi unaoletewa: je, utanirudishia kiasi hicho kila mwezi, kwa uhakika, hata mwezi ninaoumwa?

Ipo njia inayokaribia kufanya hivyo bila wewe kuamka usiku. Hatifungani za serikali, yaani mkopo unaoikopesha serikali kwa riba, zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania hununuliwa kuanzia shilingi 1,000,000, na riba hulipwa kila baada ya miezi 6. Viwango hubadilika, lakini kwa mfano wa asilimia 12 kwa mwaka, shilingi milioni 30 zitakupa milioni 3.6 kwa mwaka, yaani wastani wa shilingi 300,000 kwa mwezi. Hapo umekaribia kukirudisha kiasi chote ulichokiachia, na mkononi bado una milioni 19 za dari, plasta, ada na akiba ya dharura. Akiba hiyo usiiweke kwenye hatifungani. Iweke mahali unapoweza kuitoa ndani ya siku chache, kama vile Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya umma ya uwekezaji wa pamoja, au hata akaunti ya kawaida ya benki.

Sitakuficha mapungufu yake. Riba ya hatifungani haipandi bei za vitu zinapopanda, na ukihitaji mtaji wako kabla ya muda kuiva itabidi uiuze sokoni, pengine kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia. Kwa sababu hiyo sikushauri uweke zote humo. Ninachokushauri ni kwamba usiamue jambo lolote katika miezi 6 ya kwanza baada ya fedha kuingia, isipokuwa dari na ada, ambavyo viliamuliwa zamani.

Mstaafu wa Rungwe alijibu:

Mwalimu mdogo wangu, nakupongeza kwa kuuliza mapema. Mimi nilikuwa afisa ugani, au bwana shamba kama wakulima walivyoniita hadi siku ya mwisho, na sasa ni mwaka wa tisa tangu nistaafu.

Hesabu za huyu mhasibu ni sahihi na uzishike, ila nitaongeza jambo ambalo karatasi haziwezi kulionyesha. Fedha si kitu pekee kinachomtoka mtu anapostaafu. Kengele ya asubuhi inaondoka, na wanaokusalimu kwa cheo wanaondoka. Inaondoka pia sababu ya kuoga na kuvaa shati safi saa kumi na mbili. Nimeona wenzangu wengi wakitumbukia kwenye miradi mikubwa bila kuwa na tamaa yoyote ya mali. Waliogopa kuonekana hawana kazi. Ninaamini hofu hiyo ndiyo inayokuambia kwamba ni uvivu unapokaa upande wa mkeo, na ingefaa uitambue kabla haijakuamulia.

Dawa yake ni kazi yenye kiasi. Nilipostaafu nilinunua ng'ombe mmoja wa maziwa, mwenye mimba, kutoka kwa mfugaji niliyemfahamu na ambaye kumbukumbu zake za uhimilishaji nilikuwa nimeziandika mwenyewe. Mabingobingo, majani ya kulishia ng'ombe, nilikuwa nimeshayapanda pembezoni mwa shamba mwaka uliotangulia. Asubuhi nakamua, naacha maziwa ya chai ya nyumbani na ya ndama, yanayobaki yanachukuliwa na jirani mwenye mgahawa. Kwa siku nzuri tunafikisha lita kumi, lakini mvua zikikatika na pumba zikipanda bei hatufiki huko. Sijatajirika. Ila natoka nyumbani nikijua ninakokwenda, na jioni mwili umechoka kwa namna inayoleta usingizi. Nikiongeza ng'ombe wa pili nitahitaji kuajiri kijana, nikiajiri kijana nitahitaji kuuza maziwa mengi zaidi ili nimlipe, na hapo nitakuwa nimerudi ofisini. Kwa hiyo nimebaki na mmoja.

Kuhusu Coaster nitasema ninachokijua. Mwenye gari analetewa hesabu jioni. Wiki za kwanza hesabu inakuja kamili. Kisha dereva anakuja na nusu, anasema leo gari lilikamatwa. Kesho anasema abiria walikuwa wachache. Keshokutwa anakupigia simu kutoka gereji, gia boksi imeshushwa chini na fundi anasubiri fedha ya spea. Juu ya hayo kuna leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, bima na matairi. Mwenzangu mmoja aliyenunua gari la namna hiyo alikuwa mtu makini aliyeandika kila shilingi kwenye daftari, na daftari hilo ndilo lililomwonyesha kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akilihudumia gari kwa pensheni yake. Biashara ya usafiri ina watu wake, wenye kuyaelewa magari na wenye uwezo wa kulala kwenye gereji. Mstaafu wa miaka 60 anayeishi Kondoa, gari likiwa Dar es Salaam, si mmoja wao.

Kuku wa nyama nao si kitu kibaya, lakini mchanganuo usioonyesha vifo ni mchanganuo wa muuza vifaranga. Mwambie shemeji aandike upya akiweka magonjwa ya gumboro na mdondo, na wiki ambayo kila mtu mtaani ameingiza kuku sokoni kwa wakati mmoja.

Mama wa Ngamiani alijibu:

Assalaam alaykum. Mwalimu, nimesoma maelezo yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba wewe na mkeo mmekaa chini mkapanga, sikupaona. Umeandika anachokisema yeye kana kwamba ni mshauri mmojawapo kati ya shemeji na jirani. Naomba uanzie hapo. Mama huyo amelala na kuamka katika mshahara wako kwa miaka yote, anajua mwezi upi unafika mwisho na mwezi upi hauufikii. Yeye ameshajijibu swali lako la kwanza.

Mimi ni mshona nguo hapa Tanga, mume wangu alistaafu bandarini na sasa ni marehemu. Tulichokifanya sisi ni kuandika daftari la matumizi ya nyumba kwa miezi kadhaa kabla hajastaafu: unga, mchele, mafuta, mkaa, umeme, dawa zake za presha, michango ya misiba na harusi, sadaka. Hasa hiyo michango, maana watu huisahau na ndiyo inayobomoa bajeti. Tulipojumlisha tukaona kwamba pensheni ya kila mwezi pamoja na cherehani yangu vinafika, na kinachobaki ni kidogo lakini kipo. Tangu siku ile mume wangu hakubabaika tena na habari za miradi. Alishaijua nyumba yake inakula nini, basi hakuna aliyeweza kumtisha.

Nampinga kidogo mzee wetu wa Rungwe katika jambo moja. Anazungumza kana kwamba kazi ya uzeeni lazima itafutwe mpya. Mwalimu, nyumbani kwako tayari kuna biashara iliyojaribiwa, nayo ni genge la mkeo. Limekaa stendi, lina wateja, na mwenyewe anajua anayekopa akalipa na anayekopa akahama njia. Kabla hujafikiria Coaster, umewahi kumwuliza anahitaji nini? Huenda ni meza ya pili, au mtaji wa kununua maharage na mahindi kwa magunia wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Pengine milioni mbili zinatosha. Fedha hiyo ukiipeleka huko inakwenda kwa mtu ambaye ameshaonyesha kwamba anaweza.

Na kama hayumo katika kikundi cha kuweka na kukopa, ajiunge. Chetu kinakutana kila Jumapili. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wamekaa na fedha inahesabiwa mbele ya kila mtu. Tunanunua hisa, tunakopeshana kwa riba tuliyokubaliana wenyewe, na kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa. Mtu mwenye kikundi kama hicho hakimbilii mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, mwanawe anapougua usiku. Nami nimeona familia nyingi za wastaafu zikiangushwa na mikopo hiyo kuliko miradi.

Kijana wa Mbagala alijibu:

Shikamooni wazee wangu. Nimejifunza mengi, lakini naomba kumtetea yule mtoto mkubwa, kwa kuwa hali yake ndiyo yangu.

Tunapomwomba mzazi mtaji, si mara zote tunakuwa tumeyatolea macho mafao yake. Wengi wetu tumesoma, tumezunguka na vyeti, tumefanya vibarua vya siku, na tunaona kwamba mafao ya mzazi ndiyo fedha kubwa pekee itakayopita karibu nasi maishani. Mzazi akisema «hapana» na kunyamaza, tunachosikia ni kwamba hatuaminiki. Mimi baba yangu alikataa kuninunulia pikipiki, na kwa muda mrefu tukawa tunasalimiana tu. Baadaye ndipo alinieleza kwa takwimu pensheni yake ni kiasi gani na dawa zake ni kiasi gani, nikaona aibu ya kuendelea kununa. Laiti angenieleza siku ile ile.

Kwa hiyo Mwalimu, naona kuridhika kwa wazazi kunapaswa kuwaachia watoto mlango fulani, hata kama ni mdogo. Mwanao anataka kusimamia gari. Je, ana leseni ya udereva daraja la abiria? Amewahi kufanya kazi kwenye gari la mtu? Kama hana, mlipie mafunzo VETA, chuo cha ufundi stadi, na leseni. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya fedha ya Coaster, na hata akishindwa kila kitu kingine leseni itabaki mfukoni mwake.

Mwalimu wa Kondoa aliandika tena:

Nawashukuru sana, na kwa namna ya pekee nawashukuru kwa kunisema pale nilipostahili kusemwa. Jana jioni tulikaa na mke wangu tukaanza hilo daftari. Alitaja bei za vitu bila kufikiri, mimi nikawa naandika tu. Kuhusu genge, amesema anachokihitaji ni turubai imara na mtaji wa kununulia maharage wakati wa mavuno, basi.

Limebaki jambo moja. Benki imekwishaniita na kunieleza kwamba mstaafu anaweza kukopa kwa dhamana ya pensheni yake ya kila mwezi. Mwanangu akisikia hivyo atasema kwamba sasa hakuna haja ya kugusa mkupuo. Nimjibuje?

Mhasibu wa Mafao alijibu:

Mwalimu, ukiwa mtumishi, utaratibu ulikulinda: makato yako yote hayakutakiwa kukuacha na chini ya theluthi moja ya mshahara. Wengi walioishi kwenye theluthi hiyo walivumilia kwa sababu kulikuwa na kupandishwa daraja mbele yao. Mstaafu hana daraja la kusubiri. Ukikopa kwa pensheni ya shilingi 491,600 na marejesho yakawa 200,000, utaishi kwa 291,600 kwa miaka yote ya mkopo, na daftari mlilolianza jana litakuambia kama hilo linawezekana. Mwonyeshe mwanao ukurasa huo huo. Kama alivyosema huyu kijana wa Mbagala, mtoto aliyeonyeshwa hesabu huelewa kuliko aliyekatazwa.

Ningependa pia uanze sasa kukusanya nyaraka: barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya cheo cha mwisho, na hati za mishahara. Angalia michango yako kupitia PSSSF Kiganjani, programu ya mfuko kwenye simu, na ukiona miezi isiyoonekana fuatilia kwa mwajiri ukiwa bado kazini, kwa maana ukishatoka utafuatilia kwa nauli yako. Uliza mapema hali ya kadi yako ya bima ya afya, yako na ya mkeo, baada ya kustaafu. Atakayekupigia simu akidai kwamba anaweza kuharakisha malipo yako ukimtumia kitu kidogo, kata simu. Mafao hayahitaji vishoka, yaani madalali wasio rasmi, na ofisi haiombi fedha kwa mstaafu ili imlipe haki yake.

Mstaafu wa Rungwe alijibu:

Naongeza neno moja kuhusu mwanao. Usimjibu kwa simu. Likizo ijayo mwite Kondoa wakati wa kuvuna alizeti, mfanye kazi pamoja, kisha jioni mama yake akiwepo mfungue daftari. Mweleze kuhusu leseni, mweleze ni kiasi gani mmemtengea na kwamba kiasi hicho hakitaongezeka. Atakasirika siku mbili. Mwachie azimalize, na mbegu za kupanda msimu unaofuata mpeni azichague yeye.